Inhela ya Kuzuia Pumu: Ivute Hata Siku Uliyo Mzima

Nimeishi na pumu tangu utotoni, na wenzangu wengi wenye ugonjwa huu nawaona na mazoea yaleyale: inhela (kifaa cha kuvutia dawa) ya kutuliza, mara nyingi ya bluu, haitoki mfukoni, ya kuzuia imesahauliwa kabatini. Sababu naielewa. Ya bluu, yenye salbutamoli, hulegeza misuli ya mirija ya hewa na kifua hufunguka ndani ya dakika chache. Ya kuzuia ukiivuta, huhisi chochote. Lakini ndani ya mirija kuna uvimbe, na uvimbe huo salbutamoli haiugusi. Unashushwa na steroidi ya kuvuta, kama budesonidi au beklometasoni, tena polepole, pengine kwa wiki kadhaa.

Kwa hiyo ivute kila siku kama ulivyoandikiwa, hasa siku ambazo hukohoi wala hubanwi. Ukiiacha, uvimbe hurudi kimyakimya, halafu mafua kidogo tu yanatosha kukukosesha usingizi. Mimi naiweka kando ya mswaki. Nikishavuta nasukutua maji na kuyatema, maana dawa ikibaki mdomoni huleta fangasi na sauti hukauka.

Neno steroidi huwatisha watu, wazazi hasa. Si zile za kukuza misuli. Kipimo cha kuvuta huhesabiwa kwa mikrogramu na hulenga mapafu, hivyo kinachoingia mwilini ni kidogo mno kuliko cha vidonge. Mimi naogopa shambulio zaidi.

Kwenye kuvuta ndipo dawa nyingi hupotea. Inhela ya kupuliza itikise, toa pumzi, ibane kwa midomo, anza kuvuta taratibu huku ukibonyeza, kisha zuia pumzi kama sekunde 10. Ya unga huvutwa kwa nguvu na kwa haraka. Spesa, kile kichupa cha plastiki kinachochomekwa kwenye inhela ya kupuliza, si cha watoto peke yao. Bila hicho dawa nyingi huishia kooni. Mwombe mfamasia akutazame unavyovuta.

Ukihitaji ya bluu mara 3 au zaidi kwa wiki, au kikohozi kikikuamsha usiku, rudi kliniki. Usijipunguzie dawa mwenyewe. Wapo wanaoandikiwa inhela moja yenye budesonidi na formoteroli, ya kuzuia na kutuliza pia. Hao wafuate maelekezo yao. Steroidi pekee haifungui kifua kilichobana. Na ya kutuliza ikishindwa, kimbilia hospitali papo hapo.