Usimruhusu fundi achomoe sensa ya TRC kwenye Mark X yako

Mkuu, simamisha hiyo kazi ya Jumamosi. Umeandika kwamba Toyota Mark X yako ya injini ya lita 2.5 inabana ukikanyaga mafuta, fundi kakwambia "TRC inakula nguvu" (TRC ni mfumo unaozuia tairi zisiteleze ukikanyaga mafuta), na anataka kuchomoa soketi ya sensa ya gurudumu ili gari lichomoke. Fundi wangu hapa Tabora aliniambia maneno hayohayo, na niliyalipia.

Elewa kinachofanyika. Kila gurudumu lina sensa inayoiambia kompyuta linazunguka kwa kasi gani. Ya nyuma yakizidi ya mbele, kompyuta inajua yanateleza, basi TRC inapunguza nguvu ya injini na ikibidi inabana breki ya gurudumu linalozunguka bure. VSC, mfumo unaozuia gari lisipoteze mwelekeo, yenyewe inasoma pia usukani na jinsi bodi inavyogeuka, na mkia ukianza kukimbia inabana breki ya gurudumu la mbele la upande wa nje ili gari linyooke. Zote mbili zinategemea sensa zilezile za ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasifunge ukishika breki. Ukichomoa moja umeua TRC, VSC na ABS kwa pamoja. Fundi wako amekwambia hilo? Wangu alikaa kimya. Alibandika utepe mweusi nyuma ya taa za dashibodi nisione zinawaka, akachukua hela yake akaondoka.

Sasa sikia. Natoka Nzega kurudi Tabora, mvua za kwanza, lami ina ule utelezi wa vumbi lililolowa. Shemeji yangu kakaa pembeni. Namaliza kona, nakanyaga mafuta nilipite lori, mkia ukaondoka. Mark X ya toleo la GRX120, kama yangu, ya 2.5 ina nguvu farasi 215, na kwenye hizi zinazosukuma nyuma zote zinakwenda kwenye tairi mbili tu. Nilirudisha usukani, gari likachapa upande wa pili. Nikashika breki, magurudumu yakafunga kwa sababu ABS haipo, tukaserereka kama sabuni hadi mtaroni. Tulitoka wazima, Mungu mkubwa. Bampa, taa, rimu mbili na mkono wa chini wa tairi ya mbele vilikwenda, na spea za gari hili Tabora hazikusubiri dukani, unaagiza Dar. Nilipompigia fundi akasema nilikanyaga sana. Mtu kakuondolea kinga tatu, kakufichia taa, halafu kosa ni la mguu wako! Bado naumia nikikumbuka.

Na kinachouma zaidi ni kwamba TRC haikuwa na tatizo. Fundi mwingine alisoma ubavuni mwa tairi: mbele 215/60R16, nyuma 205/55R16. Duka liliniuzia za nyuma likasema "zote ni rimu 16, zinaingia". Zinaingia, ndiyo, lakini kipenyo chake ni kidogo kwa karibu asilimia 5, kwa hiyo zinazunguka haraka zaidi muda wote. Ukiwa 100 km/h kompyuta inaona nyuma inakwenda kama 105. Inadhani tairi zinateleza, inakata nguvu. Ndiyo maana gari lilikuwa linabana zaidi kadiri mwendo ulivyopanda. Tairi kipara nazo hufanya nguvu ikatwe, ila hapo zinateleza kweli, na TRC iko sahihi kabisa.

Hii habari kwamba mfumo huu wa TRC unaua kasi ina ukweli kidogo. Wa magari ya barabarani umepangwa kwa usalama, hivyo hukata mapema, na tairi hushika vizuri zaidi ikiteleza kidogo, kama asilimia 10 hadi 20 kwenye lami kavu. Dereva hodari kwenye uwanja wa mbio anaweza kuondoka haraka zaidi akiuzima. Lakini Formula 1 waliupiga marufuku kuanzia 2008, na huwezi kupiga marufuku kitu kinachowachelewesha madereva. Tairi ikizunguka bure haikusukumi mbele. Inatoa moshi na kelele, na mwenye gari anahisi ana nguvu.

Kama umekwama kwenye mchanga wa njia za vijijini Sikonge au tope la masika, hapo zima, kwa sababu tairi inahitaji kuzunguka ijichimbue. Lakini kuna swichi yake! Kwenye Toyota nyingi unabonyeza mara moja TRC inazimika, ukitoka unabonyeza tena. Haihitaji koleo wala mtu kuingia chini ya gari.

TAA YA TRC IKIPEPESA AU GARI LIKIBANA, KAGUA TAIRI KABLA HUJAGUSA WAYA. Namba zilingane na zile za kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, upepo uwe sawa, pasiwe na kipara. Zikiwa sawa zote ndipo mtu mwenye mashine ya kusoma kompyuta aangalie kama kuna sensa chafu au bearingi iliyokufa. Asome kwanza, asichomoe.

Nenda nje sasa hivi na tochi, soma ubavuni mwa tairi zote nne, uziandike hapa kabla ya Jumamosi.