Fundi, ekzosi gani itahimili chumvi ya Buffalo?

SWALI: Shikamoo fundi. Mi niko Buffalo, New York, mwaka wa sita sasa. Nina pikapu ya petroli V8 ya 2012, siku za kawaida nahamishia watu vyombo, theluji ikishuka nafunga jembe mbele nasafisha maegesho. Ekzosi imekatika mara ya pili ndani ya miaka minne, safari hii imekatikia nyuma ya sailensa, gari inanguruma kama trekta na inspeksheni ya mwaka ni mwezi ujao. Nimepewa bei tatu: ya aluminaizi, ya stenlesi 409 na ya stenlesi 304, hiyo ya mwisho inakaribia mara mbili ya ya kwanza. Halafu kuna jamaa kanichanganya, anasema 409 sio stenlesi ya kweli sababu sumaku inanasa. Nichukue ipi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Chukua 409, ila usilipe kwanza. Tafuta nyundo ndogo, lala chini ya gari na ugonge chesisi yote, hasa pale juu ya ekseli ya nyuma na zinapokaa springi. Ikilia kama chuma, sawa. Ikilia butu au magamba yakaanza kukumwagikia usoni basi hela yako ina kazi nyingine kabisa, maana hiyo 304 itabaki inang'aa chini ya gari lisilo na chesisi. Nimeshaona.

Na usisubiri huo mwezi ujao. Bomba likikatika nyuma ya sailensa moshi unatokea chini ya kebini badala ya kutokea nyuma, na we kazi yako ni kukaa gari limesimama, injini inawaka na madirisha yamefungwa huku umezungukwa na theluji. Kaboni monoksaidi, ile gesi ya sumu iliyo kwenye moshi huo, haina harufu, unaona tu usingizi. Hata kwa kiraka cha muda, zibeni leo.

Haya, kwanini imekatikia pale. Chumvi ya barabarani unaijua, wanamwaga sodiamu kloraidi, ile ile ya jikoni, na baridi ikizidi, tuseme chini ya nyuzi hasi 9 hivi, hiyo haiyeyushi vizuri ndo wanaongeza kalsiamu kloraidi au magnesiamu kloraidi. Hizi mbili zinavuta unyevu wa hewani kwahiyo matope yaliyokauka machoni mwako, chini ya gari bado yamelowa. Ila hiyo ni nusu tu ya habari. Lita moja ya petroli ikiungua inatoa karibu lita moja ya maji, yanatoka kama mvuke, na kwenye ubaridi yanageuka maji humo humo ndani ya bomba, tena yana asidi kidogo. Ukiendesha kilomita 60 yote yanakauka. Ukitoka duka hili kusafisha maegesho ya duka la pili, unazima, unawasha, unazima, sailensa haipati moto wa kutosha na maji yanalala ndani wiki nzima. Kwahiyo yako inaliwa na chumvi kwa nje na maji kwa ndani. Kuna kitundu kidogo chini ya sailensa nyingi kimetobolewa kiwandani, hicho ni cha kumwaga hayo maji, usikubali fundi akizibe akidhani inavuja.

Sasa hizo bei tatu. Aluminaizi ni chuma cha kawaida kilichovikwa koti jembamba la alumini yenye silikoni kidogo, wazo ni lile lile la mabati ya nyumbani. Koti likiwa zima inadumu, tatizo ni kwamba pale wanapochomelea koti linaungua, pale jiwe linapopiga linachubuka, na kutu inaanzia hapo hapo. Kwa mtu anayeuza gari baada ya miaka miwili mitatu inatosha, wala simcheki. We hizo ekzosi zako mbili zilizokufa nahisi zilikuwa hizo.

409 ina kromiamu kama asilimia 11. Kromiamu ndo inayotengeneza utando mwembamba sana juu ya chuma, ukichubuka unajirudisha wenyewe, haujapakwa kama koti la alumini. Asilimia 11 ni kama mpaka wa kuitwa stenlesi, kwahiyo baridi moja tu ikipita utaona imegeuka kahawia kama ina kutu, usipige simu kugomba, ni ya juu juu, chuma chenyewe bado kizima. Ekzosi nyingi zinazotoka kiwandani na gari ni za jamii hii. 304 ina kromiamu 18 mpaka 20 na nikeli 8 mpaka 10, ni ile ya vijiko vizuri na sinki la jikoni, inabaki nyeupe miaka mingi ingawa kloraidi nayo ina uwezo wa kuitoboa vitundu vidogo vidogo ikikaa muda mrefu. Ina tabia moja wauzaji hawaisemi: ikipata moto inarefuka kuliko 409. Bomba la mita 3 likipanda nyuzi 300, la 304 linaongezeka kama milimita 15, la 409 kama 10. Ikifungwa na mtu asiyeacha nafasi, mipira ya kuning'inizia inavutwa na bomba linapasuka kwenye weldi, halafu unaambiwa stenlesi feki.

Kuhusu jamaa wa sumaku: 409 ni stenlesi ya kweli na sumaku inainasa. 304 hainaswi, au inanaswa kidogo pale ilipokunjwa. Na aluminaizi nayo inanaswa, kwahiyo sumaku haiwezi kukutenganishia 409 na aluminaizi, hapo omba uone mhuri kwenye bomba au namba kwenye risiti iandikwe wazi.

Ungekuwa na gari jipya unalotaka kukaa nalo miaka kumi ningesema 304 bila kusita. Kwa la 2012 linalosukuma theluji, 409 na ile tofauti ya hela nunua klampu pana za stenlesi, bolti na nati za stenlesi, na grisi ya kuzuia nati kugandana. Siku ya kufungua utanikumbuka, maana bomba zima lakini bolti zimeoza ni kazi ya grenda ya masaa matatu. Wakichomelea 409 na kipande cha 304 waulize wanatumia waya gani, waambie 309L, waya wa chuma cha kawaida unaacha mstari wa kutu pale pale kwenye kiungo.

SWALI: Habari fundi. Niko Zanzibar, gari nimeagiza Japani, juu ni mpya kabisa ila chini bomba na bolti zote zina kutu, muuzaji anasema ilikuwa Hokkaido. Fundi wangu anataka kunitengenezea ekzosi kwa mabomba ya stenlesi yale ya reli za ngazi. Ni sawa?

JIBU: Hokkaido ni theluji na chumvi tu, kwahiyo we na ndugu wa Buffalo mna kesi moja, na upepo wa bahari hapo Unguja unaendeleza kloraidi ile ile. Anza kwa kuosha chini kwa maji baridi yenye presha, ingia mpaka juu ya tangi la mafuta.

Hayo mabomba ya ngazi, angalia. Mengi ni stenlesi 201, nikeli wamepunguza wakaweka manganizi, na sumaku haiyanasi kwahiyo utadhani 304. Pwani yanashika kutu hata yakiwa reli tu bila moto wa injini. Tena ni membamba. Akikuletea 304 yenye unene wa milimita 1.5 mwache afanye. Akikuletea bomba la maji la galvanaizi mkatalie, zinki ikichomelewa inatoa moshi unaompa fundi homa, na mimi nimeshalala nayo siku mbili kwa ubishi wa ujana.

SWALI: Rangi ya fedha ya kuhimili moto, nikipaka ekzosi inasaidia?

JIBU: Kwa nje na kwenye weldi za aluminaizi, ndio, paka baada ya kusugua vizuri. Kwa ndani haifiki. Na yale mafuta ya kuzuia kutu wanayopulizia chesisi yasiguse ekzosi, utasafiri na moshi njia nzima.