Mkate wa kuviringisha wa Kiitaliano: mbona katikati unabaki mbichi?

SWALI: Shikamoo mama. Naandika kutoka Tanga. Nimejaribu mara tatu kuoka ule mkate wa Kiitaliano wa kuviringisha, wenye jibini na mboga ndani. Natumia nusu kilo ya unga, gramu 400 za mozarela ile inayouzwa kwenye maji, fungu la mchicha na nyanya mbili. Nasukuma, napaka siagi, natandaza vitu vyangu, nakunja, naoka nusu saa kwa nyuzi 180. Nje unapendeza. Nikikata nakuta pango juu, unga mbichi katikati, na jibini lote limekimbilia kwenye trei. Ubovu uko kwenye hamira au kwenye oveni? Halafu huu unaitwa stromboli au tortano? Kila mtu ana jina lake.

JIBU: Marahaba mwanangu. Hamira iache, haina kosa. Ingekuwa imekufa, hata huko nje usingependeza. Oveni nitaigusa baadaye. Kilichokuponza kwanza ni mkono wa chapati.

Sisi wa pwani tumekulia kwenye kibao cha kusukumia. Ukishatandaza donge, mkono wenyewe unakwenda kwenye samli: unapaka, unakunja, unasokota. Pale mafuta yana kazi yake, yanazuia tabaka lisigandamane na mwenzake, ndiyo maana chapati ya maana ukiipigapiga inaachia. Mkate huu unataka kinyume. Tabaka likishapakwa siagi halishiki lililo juu yake, na mvuke wa mboga ukianza kupanda hupata njia, unainua ngozi ya juu na kuchimba lile pango uliloliona. Mafuta yakande ndani ya unga. Napoli, kwenye mikate ya aina hii, wanakanda sugna, yaani mafuta ya nguruwe; mimi natia mafuta ya zeituni au samli, na sijaona mla aliyelalamika.

Hili nililijua kwa aibu. Nikiwa mgeni kwenye jiko la hoteli moja Malindi, niliachiwa mikate 12 ya meza ya Pasaka, na yote nikaipaka mafuta kwa bidii zangu zote. Mpishi mkuu, Mwitaliano, alikata mmoja, akapitisha kidole kwenye uwazi kikatokea upande wa pili, akanitazama, akaenda zake. Ile mikate tuliila sisi wafanyakazi siku mbili.

Kosa la pili ni maji, na hapa ndipo ule ubichi unapozaliwa. Mozarela laini, zaidi ya nusu ya uzito wake ni maji. Nyanya na mchicha ni maji zaidi ya asilimia 90. Ukivifungia ndani ya unga vikapata moto, vinayaachia palepale, na tabaka la ndani linalowa kabla halijaiva. Kile unachokiita unga mbichi, mara nyingi ni unga ulioiva ndani ya maji ukawa kama ugali laini. Ukiongeza dakika 20 utaunguza nje, na ndani pabaki vilevile.

Kwa hiyo vikaushe kabla. Jibini lichane kwa mkono vipande vidogo, lifunge kwenye kitambaa safi, liweke kwenye chujio juu ya bakuli, lilale kwenye friji usiku kucha. Asubuhi tazama bakuli, utakuta maji meupe kama ya kuoshea mchele. Ukipata mozarela kavu, ile ngumu ya kukwaruza, umepona kazi hiyo. Mchicha uchemshe dakika moja, uache upoe, halafu ukamue kama unavyokamua tui, kwa nguvu zote, mpaka ubaki donge dogo la kujaa kiganja. Ukikunjua kiganja na donge likabaki na alama za vidole, hapo sawa. Likimeremeta, rudia. Ukishamaliza lifumue, ulikaange kidogo na kitunguu saumu. Nyanya mbichi usitie kabisa. Kama huwezi kuishi bila nyanya, zipike ziwe rojo zito la kusimama kwenye kijiko, upake kidogo sana, au uweke bakulini kando watu wachovye.

Tatu, mkate wako ni mkubwa mno kwa nusu saa. Nusu kilo ya unga inatoa donge la zaidi ya gramu 800. Ongeza jibini na mboga, unakaribia kilo moja na nusu katika msokoto mmoja, na moto utafikaje kati? Gawa mara mbili. Vipimo vyangu: unga wa ngano gramu 500, maji gramu 300, chumvi 10, mafuta 30, hamira ya chenga 4. Kanda dakika kumi hadi donge liwe laini na liache kushika mkono, lifunike, liumuke likaribie mara mbili. Kwa joto la Tanga saa moja inatosha, siku za kaskazi hata kabla ya saa. Ligawe, ulipumzishe dakika kumi. Donge linalorudi nyuma ukilisukuma linakuomba muda, usigombane nalo.

Kila nusu isukume iwe mstatili, sentimita 35 kwa 25, unene usizidi nusu sentimita. Vitu vya ndani visipite gramu 250 kwa mkate mmoja. Najua mkono unataka kujaza, hasa wageni wakiwa sebuleni. Uzuie. Acha ukingo mtupu wa sentimita mbili pande zote, na ule wa mwisho upake maji kidogo kwa kidole, maji hayo ndiyo gundi. Viringisha kuanzia upande mrefu, mizunguko miwili na nusu au mitatu. Ukianzia upande mfupi unapata mizunguko mingi na bonge la unga kati, ambalo haliivi. Kaza kiasi, bana mshono, kunja ncha kwa chini, laza mshono ukitazama trei. Jibini lako lilitokea kwenye ncha, siyo kwingine.

Uache dakika 20 hivi, pakaza yai, kisha kwa wembe chanja mara tatu au nne juu, mpaka uone rangi ya vitu vya ndani. Wengi wanadhani ni urembo. Ni bomba la moshi: usipompa mvuke mlango atajichimbia mwenyewe, ubavuni.

Sasa oveni. Nyuzi 180 ni chache, weka 200, uiwashe robo saa kabla. Dakika 25 hadi 30 kwa mkate mmoja. Oveni nyingi za gesi huku kwetu moto wake uko chini tu. Kama yako ni hiyo, tumia trei mbili zilizopandana na uweke rafu ya kati. Kugonga chini usikie kama ngoma ni kipimo cha mkate mtupu, kwa huu kinadanganya. Kipimajoto cha chakula ukikichoma mpaka kati kisome 93 au zaidi. Huna oveni? Sufuria nzito, makaa machache chini, upalie mengi juu ya mfuniko. Ukitoka, subiri dakika 15 kabla ya kisu. Ukikata wa moto jibini linamwagika na unga wa ndani unabandikana na kisu.

Majina. Tortano ni wa Napoli, wa Pasaka, umekunjwa kama pete na mayai ya kuchemsha yamo ndani. Ndugu yake casatiello huwekewa mayai mazima na maganda yake juu, yamefungwa kwa misalaba ya unga. Stromboli amezaliwa Marekani: anayetajwa sana ni Nazzareno Romano, mwenye mkahawa Essington, karibu na Philadelphia, mwaka 1950. Kisiwa cha Stromboli kiko kaskazini mwa Sicily na ni volkano hai, ila mkate haukutoka huko. Wako wewe, mrefu na wa mozarela, ni stromboli. Anayekubishia mkatie kipande.

Ukitaka kuandaa usiku uoke asubuhi, weka donge tupu kwenye friji, na hamira upunguze iwe gramu 2. Usiuviringishe na vitu vyake ukalala, mboga zitaulowesha hata ukizikamua vipi. Vipande vikibaki, usivirudishe kwenye oveni. Viweke kwenye tawa kavu, moto mdogo, upande wa kukatwa ukilala chini, mpaka jibini lianze kulia.