Mama asiache dawa kwa hofu ya limfoma

Pole dada. Umeuliza kama mama aache methotreksati ya baridi yabisi kwa kuwa umesikia inaleta limfoma, saratani ya mitoki, yaani tezi za kinga. Tafadhali asiache kabla ya kuongea na daktari wake. Ni kweli wenye baridi yabisi hupata limfoma zaidi, takribani mara 2 ya watu wengine, lakini bado ni wachache. Na sehemu kubwa ya hatari hiyo hutokana na ugonjwa wenyewe: viungo vikiwaka miaka mingi bila kutulizwa, seli za kinga huchochewa kila siku. Methotreksati huhusishwa na limfoma mara chache, na wakati mwingine uvimbe huo hunywea dawa ikisimamishwa. Azathioprini, dawa nyingine ya kushusha kinga, ndiyo ya kuangaliwa zaidi.

Kinachonisumbua ni huku kwetu Moshi, tezi ikivimba shingoni tunasema TB tu. Inaweza kuwa TB kweli, maana dawa za kushusha kinga huifungulia mlango. Ila tezi isiyouma inayozidi kukua, homa, jasho la usiku, kukonda: mpeleke hospitali ya KCMC mapema, aombe wakate kinyama kipimwe.