Usibandike huo mstari wa 301

Mkuu, ishia hapo hapo. Kabla hujagusa kitu kingine, achana na mstari uliopewa hapo juu. Kama umeshauweka kwenye seva, ufute kwanza ndipo urudi kusoma.

Kwa wanaoingia sasa: mwenye uzi amehamisha tovuti ya shule, ya WordPress, kwenda seva mpya ya Ubuntu yenye Apache. Ukurasa wa mwanzo unafunguka, kurasa nyingine zote zinaleta 404, yaani ukurasa haupatikani. Mdau akamjibu afungue .htaccess, faili la kanuni za seva, kwenye ule mstari wa mwisho wa WordPress aweke huu, eti kwake ilikubali na 404 zote zitaisha:

RewriteRule . / [R=301,L]

Seva ikiusoma, 404 zitaisha kweli, na kurasa zako zitaondoka nazo.

Mstari huohuo nilipewa na fundi wa kampuni iliyokuwa inatuhifadhia tovuti, nikiwa nashughulikia shule moja ya binafsi hapa Mwanza, tena msimu wa fomu za kujiunga. Kwa hiyo sisemi habari za kusikia.

Linganisha na mstari halali wa WordPress:

RewriteRule . /index.php [L]

Huu kazi yake inaishia ndani ya seva. Mzazi anaomba /fomu-za-kujiunga/, seva inaona hakuna faili wala folda yenye jina hilo, inalikabidhi ombi kwa index.php, na WordPress inautoa ukurasa. Anwani aliyoandika haibadiliki. Ule wa 301 unamjibu mzazi mwenyewe: ukurasa huu umehama kwa kudumu, nenda mwanzo. Na kwa kuwa karibu kurasa zote za WordPress si faili halisi, zote zinaingia kwenye mtego. Hata /wp-json/, anwani ambayo kihariri cha WordPress hupitia kuhifadhi, inaingia, ndiyo maana mhasibu wa shule aliyekuwa akiweka ada mpya alianza kuona WordPress inakataa kuhifadhi, inalalamika kwamba jibu si JSON sahihi. Tukahangaika na programu-jalizi wakati ubaya uko kwenye mstari mmoja.

Lakini hilo lilikuwa dogo. Hasara yenyewe iko kwenye neno "kudumu". Kivinjari kikipokea 301 kinaamini, kinaitunza, na mtu akibonyeza kiungo kilekile kesho yake kinaweza kumpeleka mwanzo bila kuiuliza seva chochote. Utafuta mstari, utawasha Apache upya, utahamia hata seva nyingine, na simu ya yule mzazi itaendelea kumpeleka mwanzo, kwa sababu ombi lake halikufikii kabisa. Kwenye logi, kumbukumbu za maombi ya seva, huoni kosa, kwa kuwa hakuna aliyebisha hodi.

Na viungo vya fomu vilikuwa vimeshasambaa kwenye magrupu ya WhatsApp ya wazazi: Sengerema, Geita, Ukerewe. Nilipoufuta mstari, kwangu ukurasa ulifunguka vizuri kwenye dirisha la faragha, shule ikatangaziwa kwamba tatizo limekwisha. Simu za ofisini hazikunyamaza. Wapo waliopanda meli kutoka Nansio, nauli na siku nzima ya kazi, kuja kuchukua fomu ya karatasi iliyokuwa inapatikana bure mtandaoni. Nilimwona mama mmoja pale getini akimwonyesha mlinzi simu yake: anabonyeza kiungo, inakuja picha ya bango la shule, anarudi, anabonyeza tena, bango lilelile. Alikuwa anadhani shule imemnyima nafasi mwanawe.

Yule fundi nilipompigia alinijibu, "Waambie wafute kashe," yaani vile kivinjari kilivyovitunza. Kashe ya nani? Nikusanye simu za wazazi kuanzia Nansio mpaka Nyakato? Mtu anayelipwa kuhudumia seva anapotoa jibu kama hilo, amesahau kwamba upande wa pili wa waya kuna watu. Na wewe mdau uliyeandika "kwangu ilikubali", bila shaka hukuwahi kufungua ukurasa wowote zaidi ya ule wa mwanzo.

Kilichotuokoa ni kubadilisha anwani za kurasa zenyewe. Kivinjari kinatunza 301 kwa anwani kamili, hivyo /fomu-za-kujiunga/ ikawa anwani nyingine kabisa, viungo vipya vikatumwa kwenye magrupu, na tangazo likawekwa juu ya ukurasa wa mwanzo, kwa kuwa huko ndiko wote walikokuwa wanatupwa.

Basi shika hili hata kama utasahau mengine yote: usiandike 301 kabla kanuni hiyohiyo haijapita ikiwa 302, yaani uhamisho wa muda, na uipime kwa curl, programu ya kuiomba seva ukurasa kwa kuandika amri, si kwa kivinjari. Kwa kawaida kivinjari hakiitunzi 302 mpaka seva yenyewe iseme itunzwe. Andika curl -I ikifuatiwa na anwani kamili ya ukurasa, usome mstari wa kwanza wenye namba ya jibu, na ule wa Location kama upo. Curl haina kumbukumbu ya jana, itakwambia seva inachosema sasa hivi. Pima ukurasa wa habari, wa fomu, wa ndani kabisa, na /wp-json/. Zikiwa sawa zote, na kweli ukurasa umehama, ndipo uandike 301.

Sasa 404 yako. Dalili ya mwanzo kufunguka na kwingine kukataa, kwenye Ubuntu mpya, karibu kila mara ni Apache kutoisoma .htaccess kabisa. Fungua /etc/apache2/apache2.conf, tafuta sehemu ya Directory /var/www/, utakuta AllowOverride None, iwe All. Kisha sudo a2enmod rewrite, halafu sudo systemctl restart apache2. Ukitaka uhakika, usiku wakati hakuna wageni andika neno lisilo na maana juu kabisa ya .htaccess: tovuti ikileta 500, yaani kosa la seva, inasomwa, isipobadilika kitu haisomwi. Lifute mara moja. Halafu ingia Permalinks ndani ya WordPress, uhifadhi upya.

Kanuni zako binafsi ziweke juu ya mstari wa BEGIN WordPress kwenye .htaccess, kwa sababu yaliyo kati yake na END WordPress, WordPress huyaandika upya yenyewe. Ndani ya .htaccess kanuni haianzi na mkwaju: andika ^habari/ na si ^/habari/. Ukikwama, weka LogLevel alert rewrite:trace3 kwenye faili ya tovuti upande wa Apache, si kwenye .htaccess, usome error.log. Masomo ya zamani yanayosema RewriteLog yaache, iliondolewa kwenye Apache 2.4 na seva itagoma kuwaka.

Ukimaliza, bandika hapa majibu ya curl -I ya ukurasa mmoja unaokataa. Na useme ukweli kama ule mstari wa 301 ulishakaa hewani na kuna mzazi aliyefungua. Kama yupo, usipoteze muda na kashe. Badilisha anwani za kurasa hizo leo, kabla shule haijatuma viungo zaidi.