Raia si nyasi: niliyoyaona kwenye kizuizi

Mleta mada umeuliza kwa nini vitani raia ndio wanaoumia, na kama jeshi lenye nguvu ni ngao au ni tishio kwa jamii. Karibu wote waliokujibu wametumia methali ya tembo wawili na nyasi. Nimevaa kombati miaka kumi na moja, miwili kati ya hiyo nikiwa nje ya nchi kwenye kikosi cha kulinda amani, na methali hiyo kwa jambo hili naikataa. Tembo hajui kama amekanyaga nyasi. Askari anamwona mtu aliye mbele yake, na kabla hajamwona kuna mkubwa wake aliyekwisha kuamua atasimama wapi, atashika silaha gani na ataruhusiwa kufyatua wakati gani.

Nieleze yaliyotokea. Tulikuwa tunalinda kizuizi kwenye barabara ya kuingia mji ambao nusu ya watu wake walikuwa wameukimbia. Amri ilikuwa fupi: gari likipewa ishara lisisimame, piga juu, lisiposimama tena, lipige. Jioni moja gari dogo likaja. Aliyekuwa lindo akainua mkono, gari halikupunguza mwendo. Akapiga risasi hewani, gari likaongeza mwendo. Koplo wetu akafyatua.

Ndani walikuwemo kijana na mama yake mgonjwa. Kijana alijeruhiwa bega. Mama alikufa palepale barabarani, kabla hatujamfikisha kwa tabibu. Baadaye, kupitia mkalimani, yule kijana alisema hakuona mkono wa mtu yeyote, na aliposikia mlio alidhani anashambuliwa kutoka vichakani. Kwa hiyo akakanyaga mafuta awahi kufika kwa askari. Yaani alikuwa anakimbilia kwetu, tumwokoe.

Hatukumwamini. Ripoti ikaandikwa kwamba ishara ilitolewa na utaratibu ulifuatwa. Na kweli ulifuatwa, hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Koplo yule hakuwa mtu katili, na usiku ule hakulala.

Baada ya wiki chache tukaletewa kapteni mpya. Aliweka mapipa yaliyopakwa rangi nyeupe mita mia mbili kabla ya kizuizi, akachimbisha matuta yanayomlazimisha dereva kupunguza mwendo atake asitake, akaandikisha bango kwa lugha ya wenyeji na kutufungia taa za usiku. Akaanzisha na daftari. Kila risasi iliyotoka iliandikwa: nani, saa ngapi, kwa nini. Kila asubuhi alilisoma kwa sauti mbele yetu sote, hata ukurasa ukiwa hauna kitu. Katika miezi saba iliyobaki hatukulipiga gari hata moja, na bunduki zilikuwa zilezile.

Sheria ya vita ilichelewa sana kumfikia raia. Henry Dunant, mfanyabiashara wa Uswisi, aliwaona majeruhi wa vita vya Solferino, Italia, mwaka 1859, na mwaka 1864 Mkataba wa kwanza wa Geneva ukapatikana, lakini ulimhusu askari aliyejeruhiwa. Raia alisubiri hadi mwaka 1949 kupata mkataba wake mwenyewe, wakati mji wa Guernica, Hispania, ulikuwa umeshapigwa mabomu mwaka 1937 na Tokyo imeshaunguzwa usiku mmoja wa Machi 1945, watu wapatao 100,000 wakafa. Mwaka 1977 ikaongezwa Itifaki, yaani nyongeza ya mikataba hiyo, ambayo kifungu chake cha 50 kinasema hivi: ukiwa na shaka kama mtu ni raia au la, mhesabu kuwa raia. Kizuizini kwetu shaka ilihesabiwa kuwa adui. Somo hilo la sheria nilikuwa nimelipata chuoni, kwa saa mbili. Kulenga shabaha nilifundishwa wiki na wiki.

Kuna mchangiaji ameandika kwamba adui hujificha miongoni mwa raia, kwa hiyo wao ndio wamejitakia. Ni kweli hujificha, nimeyaona. Sheria inakataza kumgeuza raia kuwa ngao, lakini kifungu hichohicho, cha 51, kinasema kosa la upande mmoja haliufutii upande wa pili wajibu wake. Na tukiweka sheria pembeni, tuangalie hesabu za kijeshi tu: kabla ya mama yule kufa, wenyeji walikuwa wakituambia njia ipi imetegwa mabomu. Baada ya hapo walinyamaza. Gari letu la doria likalipuka kwenye njia ambayo wao walikuwa wameacha kuipita siku mbili kabla. Wenzetu wawili walipoteza miguu.

Kuhusu amri, wengi husema askari hana hiari. Machi 16, 1968, kule My Lai, Vietnam, askari wa Marekani waliua mamia ya wanakijiji wasio na silaha. Rubani wa helikopta, Hugh Thompson, Mmarekani mwenzao, alitua katikati ya askari na wanakijiji, akawaambia watu wake wawafyatulie askari hao iwapo wangeendelea kuwapiga raia. Aliwaokoa watu kadhaa. Nishani kwa kitendo hicho alipewa mwaka 1998, miaka 30 baadaye. Aliyetiwa hatiani ni ofisa mmoja tu, naye alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 1971 na ndani ya miaka michache akawa huru. Kuruti anayesikia habari hizo mbili anaelewa mwenyewe jeshi linathamini nini.

Sasa ngao au tishio. Kwangu jibu limo katika swali jingine: je, yupo mtu asiye na bunduki anayeweza kumwambia jenerali hapana, naye akatii? Mwaka 1951 Rais Truman wa Marekani alimwondoa MacArthur, jenerali aliyependwa mno, na hakuna kikosi kilichotoka kambini kumtetea. Chile mwaka 1973 mambo yakawa kinyume: jeshi liliipindua serikali, na watu wakaishi chini ya Jenerali Pinochet hadi mwaka 1990. Costa Rica ilichagua kulifuta jeshi lake mwaka 1948. Tanganyika, baada ya maasi ya askari ya Januari 1964, ililivunja jeshi lililorithiwa kutoka kwa mkoloni na kuanza upya na jingine mwaka huohuo. Njia ni nyingi, ila zote zilihitaji viongozi wa kiraia waliokubali kubeba uamuzi wao wenyewe.

Hapo na sisi raia tuna sehemu yetu. Kila idara ikizidiwa, tunapaza sauti: leteni jeshi! Niliwahi kupelekwa kuwasaidia polisi kwenye maandamano, nchini mwangu. Sikuwa na kirungu wala ngao. Nilikuwa na bunduki na risasi za moto. Nilifundishwa kummaliza anayenijia, sikufundishwa kumtuliza kijana aliyeshika jiwe. Siku ile haikutoka risasi, lakini sina mbinu yoyote ninayoweza kujisifia kwa hilo. Waliogopa, nasi tuliogopa, wakatawanyika.

Umemalizia kwa kusema mdogo wako amechaguliwa kujiunga na jeshi nawe unataka kumzuia. Mimi nisingemzuia. Mwambie tu kwamba akipangwa kizuizini, kabla ya lindo la kwanza atembee hadi mbali barabarani, kisha ageuke. Kapteni yule alitufanyisha hivyo wiki aliyofika, mmoja mmoja, jioni, saa ileile ya tukio. Nilipofika kwenye mapipa nikageuka, jua likanipiga usoni. Magunia ya mchanga niliyaona. Nikasubiri mwenzangu ainue mkono kama tulivyokubaliana, nikasubiri sana. Niliporudi akaniambia alikuwa ameuinua muda wote.