Paka wangu hutoka usiku nami silali: je, ni upungufu wa imani?

SWALI: Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, sheikh wangu. Mimi ni mjane, naishi peke yangu Mji wa Kale, Mombasa. Nina paka dume, Kashata, aliyeniachia marehemu mume wangu. Ikiingia Magharibi huruka dirishani akaenda zake, na mara nyingine harudi mpaka alfajiri. Nikisikia tuktuk ikipiga breki, moyo hunipasuka. Mwezi uliopita alipotea siku tatu, nikalia. Ustadhi mmoja wa mtaani akaniambia kulilia mnyama ni upungufu wa imani, na kwamba nikimfungia ndani nitakuwa kama yule mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka. Jirani naye akanipa hirizi ya Ayatul Kursiy nimfunge shingoni, nikamfunga. Nifanyeje?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh, mama yangu. Swali lako lenyewe si gumu. Kilichonikera ni majibu uliyopewa kabla hujafika kwangu. Kwamba paka ni tohara, si najisi, na kumfuga kunajuzu, hapo tusipoteze wakati.

Huyo ustadhi aliyekupima imani kwa machozi, nataka nimuulize: kipimo hicho amekitoa wapi? Abu Umayr, ndugu mdogo wa Anas bin Malik, alikuwa na kijidege alichokuwa akicheza nacho, kikafa. Mtume (s.a.w.) alimkuta mtoto kanyong'onyea, akamsemesha kwa upole: "Ewe Abu Umayr, kijidege kimefanya nini?" Imo katika Bukhari na Muslim. Hakumwambia imani yako imepungua. Atasema huyo alikuwa mtoto. Haya, na Abu Hurayra? Mwenyewe anasimulia katika Tirmidhi kwamba alipokuwa akichunga mbuzi na kondoo wa kwao alikuwa na kijipaka. Usiku akikiweka juu ya mti, mchana akitoka nacho na kucheza nacho, ndipo watu wakamwita Abu Hurayra, yaani baba wa kijipaka. Tazama, mama, hata yeye usiku alikitafutia paka wake pa kulala. Na jina hilo hakulivua alipokuwa mtu mzima, mpaka hadithi 5,374 zikapokewa kwalo. Kinacholaumiwa katika msiba ni kupiga mayowe, kujirarua na kumgombeza Mwenyezi Mungu kwa kadari yake. Wewe umelia kwa sababu umempenda kiumbe chake. Sioni kosa.

La mwanamke wa Motoni ndilo zito zaidi, kwa kuwa hapo hadithi sahihi imekatwa katikati. Aliyoipokea Ibn Umar inasema alimfunga paka mpaka akafa. Hakumlisha wala hakumwachia ale wadudu wa ardhini. Yasome yote mawili kwa pamoja. Mwanamke yule alimzibia paka njia zote mbili za riziki, mkono wake hautoi na mlango haufunguki. Paka wako anakula samaki kuliko baadhi yetu, halafu umfananishe na yule? Zaidi ya hapo, Ibn Hajar katika Fat-hul Bari, kitabu chake cha kuifafanua Bukhari, amenukuu kauli ya mwanazuoni Qurtubi kwamba hadithi hiyohiyo ni dalili ya kujuzu kumfuga paka na kumfunga, maadamu hakupuuzwa chakula wala maji. Yaani dalili aliyokutishia nayo, wanazuoni waliitumia kukuruhusu. Mtu akikosa kusoma sherehe ya hadithi, yaani ufafanuzi wake, heri anyamaze kuliko kumkosesha mjane usingizi.

Kwa hiyo kumfungia ndani usiku ni halali. Na kumwacha atoke nako ni halali, kwa sababu ndivyo alivyoumbwa. Mtume (s.a.w.) katika hadithi ya Abu Qatada amesema paka ni miongoni mwa "tawwafina", wenye kukuzungukiazungukia. Mafaqihi wetu, wanazuoni wa sheria, walilijua hilo vizuri: wamejadili paka aliyekula panya, akatoweka, kisha akarudi na kunywa maji ya udhu, je, mdomo wake umetoharika? (Ndiyo, ikiwezekana kwamba huko alikokwenda amekunywa maji mengi.) Masuala hayo yasingekuwapo kama paka wa wakati wao walikuwa hawatoki. Basi akigongwa na tuktuk, Allah amnusuru, damu yake haiko shingoni mwako.

Lakini "mfunge ngamia kisha utegemee" inakuhusu. Chakula chake kizuri mpe Magharibi tu, ndani, kisha funga dirisha. Paka hushika saa ya mlo kuliko wanafunzi wetu wanavyoshika saa ya darsa. Asubuhi mwache azurure. Mpeleke pia akachanjwe kichaa cha mbwa, maana paka nao hukipata.

Daktari wa mifugo huenda akakushauri ahasiwe, kwa kuwa dume asiyehasiwa huenda mbali akifuata majike na kupigana na mashume. Hapa pana hitilafu. Katika madhehebu yetu ya Shafi, Imam Nawawi amesema kumhasi mnyama asiyeliwa ni haramu. Mahanafi wanaruhusu penye manufaa, na Sheikh Ibn Uthaymin aliruhusu kwa paka wakiwa wengi wa kuudhi, ikiwa operesheni haiwadhuru. Mimi nabaki na Nawawi, ila ukiwafuata walioruhusu, kwa daktari na kwa ganzi, sitakukemea.

Na hili hukuliuliza. Kama Kashata anajulikana kwa kula vifaranga vya watu, Minhaj, kitabu cha sheria cha Nawawi, inasema mwenye paka analipa, iwe usiku au mchana. Waulize majirani kabla hawajakujia.

Hirizi ivue leo. Mtume (s.a.w.) alituma mtu akate kila kamba ya upinde iliyovishwa shingoni mwa ngamia, na Imam Malik akasema anaona zilivishwa ili kukinga kijicho. Najua wako waliomruhusu mwanadamu kuvaa Qur'ani, na mjadala huo siufungui hapa. Lakini huyu ni paka! Analala jalalani, anapita mitaroni, na Ayatul Kursiy inaning'inia shingoni? Isome wewe anapotoka, useme: "Namuweka amana kwa Allah." Shingoni mvishe ukanda wenye namba yako ya simu, maana mtu akimwokota ataisoma.

Nimebaki na jambo moja, na uniwie radhi. Paka huyu ni wa marehemu. Nahisi anapokawia usiku, si yeye peke yake unayemsikilizia mlangoni. Hilo halina dawa ya dirisha. Waambie wanao wakupigie simu baada ya Isha, saa ileile unayokesha. Na kama unasoma Qur'ani vizuri, mtaani hapakosi mabinti wawili watatu wa kuwasomesha alasiri. Nyumba iliyochoka kwa watoto hulala mapema. Huzuni ikizidi mpaka kula hutaki, nenda hospitali, wala usione haya.

Kuhusu dirisha, nitumie vipimo vyake. Kuna fundi anaswali nasi, atakutilia wavu upate hewa bila Kashata kupata njia.

Wallahu aalam.